Kukosa usingizi na kunyimwa usingizi: Tutenganishe maradhi na dhuluma

Mwaka 2022, miezi michache tu baada ya kuapishwa, Gavana wa Nairobi Johnson Sakaja alitangaza kuwa kaunti haitatoa tena leseni, wala kuhuisha zilizopo, kwa vilabu vya usiku vilivyomo katika mitaa ya makaazi. Wakaazi wa sehemu kama Kilimani, Kileleshwa na Westlands walikuwa wamelia kwa miaka kuwa muziki unawatoa vitandani. Agizo likasema vilabu vya aina hiyo vifanye kazi katikati ya jiji na katika barabara za biashara zitakazotengwa. Wengi walipiga makofi. Lakini agizo lile lilibeba dhana moja ambayo hadi leo haijajadiliwa vya kutosha: kwamba katikati ya jiji hakuna mtu anayelala.

Wako wanaolala, au tuseme wanaojaribu kulala. Kuna familia katika ghorofa za juu za River Road, Kirinyaga Road na upande wa Ngara. Kuna wafanyabiashara kutoka Mombasa, Lamu, Kampala na Arusha wanaolala lojing'i za Accra Road na Latema ili wawahi mizigo alfajiri. Kuna bawabu anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, akatafuta usingizi wakati makanga ndio kwanza wanaanza kuita abiria. Kuna watoto wa mitaani waliojikunyata vibarazani mwa maduka. Na kuna sisi Wapwani tulioletwa bara na kazi, tunaoswali Ijumaa Msikiti wa Jamia, tukapiga simu nyumbani jioni na kusema "hatujambo", ilhali macho yamewiva kama pilipili.

Siku hizi neno "kukosa usingizi" linatumika kwa hali zote hizi. Naona ndani yake mna mambo mawili ambayo hayafanani. La kwanza ni kunyimwa usingizi. Hapa mwili uko tayari kulala, lakini kelele, zamu ya kazi au ufukara haumpi mtu nafasi. Mpe mtu huyo chumba kimya na saa nane za kujinyoosha, atalala usingizi wa pono. La pili ndilo kukosa usingizi hasa. Chumba kipo, kitanda kipo, kimya kipo, na usingizi hauji. Au unakuja, kisha saa nane usiku unaondoka na haurudi. Hali hiyo ikitokea angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, na ikamharibia mtu mchana wake, wataalamu huiita maradhi sugu. Inakadiriwa kuwa takribani mtu mzima mmoja katika kila kumi duniani anayo.

La kwanza ni dhuluma, na dawa yake iko kwenye sheria. La pili ni maradhi, na dawa yake iko kwa tabibu. Tukiyachanganya, kama tunavyofanya sasa, mdhulumiwa tunampa vidonge na mgonjwa tunamwambia apunguze mawazo.

Sheria ipo, usiku haupo

Tuanze na dhuluma. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira NEMA, zimeweka viwango vya sauti kwa kila aina ya eneo. Eneo la biashara limeruhusiwa desibeli 60 mchana na desibeli 35 usiku. Usiku, kwa mujibu wa kanuni hizo, unaanza baada ya saa mbili na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni sauti ya watu wanaonong'ona. Mitaa ya makaazi nayo kiwango chake cha usiku ni hicho hicho, 35.

Kwa hivyo kanuni haikumbagua wa Moi Avenue na wa Kilimani. Usiku wote wamepewa haki moja. Kilichowabagua ni sera ya leseni, iliyoamua usingizi wa nani ni wa kulindwa na wa nani unaweza kutolewa sadaka kwa ajili ya mapato. Na sielewi ni vipi kilabu kitapelekwa katikati ya jiji kihalali, ikiwa kelele yake huko pia inavuka kiwango cha taifa kuanzia saa mbili za usiku.

Upande wa pili nao tuuseme. Kiwango cha 35 ni cha chini mno kwa mji wowote mkubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza desibeli 40 za usiku nje ya nyumba. Kiwango ambacho hata lori moja likipita linakivunja, askari wa kaunti atakitumia vipi? Matokeo yake ni kuwa kanuni inakumbukwa pale mtu mwenye jina anapolalamika, na inasahauliwa analalamika mpangaji wa River Road. Afadhali kiwango kinachowezekana, kikapimwa kweli usiku, kuliko kiwango cha maktaba kinachobaki kwenye makaratasi.

Tena tusiwanyooshee kidole wenye vilabu na matatu peke yao. Kuna mikesha ya maombi yenye spika zilizoelekezwa barabarani, na kuna misikiti yetu inayofungua vipaza sauti vya nje kwa mawaidha ya saa nzima usiku. Adhana ni dakika chache na watu wameizoea. Mawaidha kwa jirani aliyetoka zamu, au aliye na mtoto mgonjwa, ni jambo jingine. Anayedai haki ya kulala hana budi kuitoa pia.

Wanaokesha kwa ajili yetu

Kelele ni nusu ya dhuluma. Nusu nyingine ni kazi, na hapa kuna jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui. Amri ya jumla ya mishahara, inayoongoza masaa ya kazi nchini, inasema wiki ya kawaida ya mfanyakazi isizidi saa 52. Kwa mfanyakazi wa usiku, amri hiyo hiyo inaruhusu saa 60. Ukiongeza saa za ziada, wa mchana hatakiwi kupita saa 116 kwa wiki mbili, na wa usiku 144. Yaani yule ambaye kazi yake inaudhi mwili zaidi ndiye anayeruhusiwa kufanyishwa kazi zaidi. Pengine aliyeiandika alimfikiria mlinzi wa zamani aliyeketi karibu na jiko la makaa, akisinzia huku na huku. Mlinzi wa leo anapigwa picha na kamera za bosi wake usiku kucha.

Utafiti umeshaonya. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo kuna uwezekano mkubwa yanasababisha saratani. Mwaka 2019 likapitia ushahidi upya na kubaki na uamuzi huo. Sheria yetu haijasoma onyo hilo.

Walinzi si wao peke yao. Nairobi sasa inauza usiku wake nje. Tuko mbele ya New York kwa saa saba au nane kutegemea msimu, na mbele ya California kwa saa kumi au kumi na moja. Kijana anayejibu simu za wateja wa Marekani huanza kazi jioni na kumaliza usiku wa manane au karibu na alfajiri. Wanasiasa wanaposema "uchumi wa saa 24" kwa bashasha, kijana huyu ndiye wanayemsema, ila habari ya atalala wapi na saa ngapi haimo katika hotuba.

Kuna kesi moja iliyofunua gharama hii. Desemba 2024 stakabadhi zilizowasilishwa katika mahakama ya ajira jijini Nairobi zilionyesha kuwa zaidi ya vijana 140 waliokuwa wakichuja picha na video za Facebook kupitia kampuni ya Samasource wamepatikana na maradhi ya akili yanayofuata kiwewe. Aliyewapima ni Dkt. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kazi yao ilikuwa kutazama mauaji, ubakaji na ukatili ili sisi wengine tusiuone. Kukosa usingizi na majinamizi ni miongoni mwa dalili kuu za maradhi hayo. Kesi iko mahakamani na si kazi ya safu hii kuiamua. Lakini inaonyesha jinsi mambo yale mawili yanavyoshikana: kazi inaanza kwa kumnyima mtu usingizi, na hata akishaiacha, usingizi haumrudii. Dhuluma imezaa maradhi.

Linganisha na jirani zetu Wahadzabe, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017 kundi la watafiti, akiwemo mwanaakiolojia wa Kitanzania Audax Mabulla, lilichapisha matokeo ya kupima usingizi wa Wahadzabe 33 watu wazima kwa siku 20, kila mmoja akivaa kifaa mkononi. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ulikuwa dakika 18 tu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, na katikati kila mtu alizinduka kwa nafasi yake. Hakuna aliyepangiwa zamu, na kambi haikukosa wa kusikia fisi.

Binadamu basi amekuwa akilindwa usiku tangu zamani, na mzigo huo uligawanyika kwa wote. Sisi mjini tumeuchukua mzigo mzima tukawatwika watu wale wale kila usiku, kwa mshahara mdogo, na sheria ikawaongezea saa nane juu.

Chumba kikiwa kimya na usingizi hauji

Sasa nije kwenye maradhi, na hapa nitasema na yangu, kwa sababu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na ni mwaka wa saba sasa nikiwa kazini katikati ya Nairobi na kuishi na tatizo hili. Lilianza katika chumba kilichokuwa juu ya steji ya matatu. Watu waliponiuliza nilijibu kwa neno moja, kelele, na jibu lilimtosheleza kila mtu.

Machi 27, 2020 ilianza kafyu ya korona, iliyodumu hadi Oktoba 20, 2021. Moi Avenue ikanyamaza mpaka ukisikia mbwa wakikoroma. Kama tatizo langu lingekuwa kelele, lingeisha mwezi huo. Halikuisha. Nilipopata nafasi ya kushuka nyumbani, nikalala Mji wa Kale katika samadari ya mama, madirisha yamefunguliwa kwa upepo wa bahari, sikupata hata lepe. Kilichokuwa nje kilikuwa kimeingia ndani.

Wataalamu wana maelezo mepesi ya jambo hili, aliyoyapanga mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman mwaka 1987. Kuna mambo matatu. La kwanza ni maumbile: wengine tumezaliwa wepesi wa kushtuka. La pili ni chanzo: msiba, deni, talaka, kelele, zamu ya usiku. La tatu ni yale tunayofanya ili kupambana na tatizo, na hayo ndiyo yanayoliendeleza hata chanzo kikiwa kimeondoka. Mtu aliyekosa usingizi usiku huenda kitandani mapema siku ya pili ili afidie. Hulala mchana kutwa Jumapili. Hukaa kitandani saa tisa akivizia usingizi wa saa tano. Huangalia saa kila nusu saa na kupiga hesabu: nikilala sasa nitapata saa nne, nikilala sasa nitapata tatu. Baada ya miezi kadhaa, kitanda chenyewe kinakuwa uwanja wa vita. Mtu anasinzia kwenye kiti akitazama taarifa ya habari, na akigusa mto tu macho yanafunguka.

Kuelewa kwa nini, inafaa kujua kuwa usingizi unaletwa na nguvu mbili, kama alivyoeleza Alexander Borbély wa Chuo Kikuu cha Zurich mwaka 1982. Moja ni kiu ya usingizi, inayojilimbikiza kadiri mtu anavyokaa macho. Nyingine ni saa iliyomo mwilini, inayorekebishwa hasa na mwanga wa asubuhi. Mgonjwa anayelala hovyo mchana anamaliza kiu kabla ya usiku. Anayeamka leo saa kumi na moja alfajiri na kesho saa nne asubuhi anaivuruga saa. Juu ya hayo mawili linakuja la tatu, hofu ya kutolala, na hofu ni adui wa usingizi, kwa sababu haijui tofauti ya chui na wazo.

Hofu hiyo inalishwa na imani kuwa asiyelala saa nane ameharibikiwa. Mwaka 2015 utafiti mwingine uliwapima Wahadzabe hao hao pamoja na jamii za San wa kusini mwa Afrika na Tsimane wa Bolivia, watu wasio na umeme wala simu. Wastani wao wa kulala ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Watafiti waliona pia kuwa lugha za San na Tsimane hazina neno la maradhi haya. Sisemi tulale kidogo. Nasema saa nane si faradhi, na kuzinduka usiku peke yake si ugonjwa.

Vidonge, kahawa na muguka

Katika hospitali moja jijini nilikaa mbele ya daktari dakika zisizozidi tano nikatoka na cheti cha vidonge vya mwezi mzima. Sikuulizwa nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, nakunywa nini. Nikienda duka la dawa kutaka maelezo, muuzaji alikuwa tayari kuniuzia vingine zaidi bila hata kukitazama cheti.

Dawa za usingizi zina mahali pake. Kwa muda mfupi, kwa mtu aliyefiwa au aliye katika shida kubwa, zinaweza kumvusha. Lakini zile za jamii ya Valium mwili huzizoea haraka, dozi ikataka kupanda, na kuziacha ghafla kunaleta usingizi mbaya kuliko wa mwanzo na pengine kifafa. Anayezitumia asizikate peke yake. Azipunguze polepole chini ya daktari. Wapwani hatuhitaji kuambiwa sana. Tumewaona vijana wetu wakiharibika kwa "bugizi", ambayo ni tembe za jamii hiyo hiyo. Wengine nao humeza Piriton kila usiku kwa sababu inasinzisha, dawa ya mzio igeuzwe ya kulalia.

Kuna na yetu ya nyumbani. Kahawa chungu baada ya Isha ni starehe ya barazani, na wengi tunaibeba hadi Nairobi. Nusu ya kafeini ya kikombe hubaki mwilini kwa muda wa saa tano hivi. Ukinywa saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake bado inafanya kazi, na kazi ya kafeini ni kuizuia ile kiu ya usingizi isisikike. Muguka ni zaidi ya hapo, maana kemikali yake ni ndugu wa zile dawa za kuchangamsha. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipoipiga marufuku Mombasa, mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na mjadala ukahamia kwenye mapato ya wakulima na mipaka ya mamlaka ya kaunti. Usingizi wa madereva na vijana wanaoitafuna usiku kucha haukupata msemaji.

Tiba isiyotajwa

Ajabu ni kuwa tiba iliyo bora inajulikana. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba wa Marekani kilitoa mwongozo kuwa kila mtu mzima mwenye maradhi haya aanzishiwe tiba ya mwenendo na fikra kabla ya dawa. Wataalamu wa Ulaya wakasema hivyo hivyo mwaka 2017, na wakarudia mwaka 2023. Mimi niliisikia kwa muuguzi mmoja, baada ya miaka.

Alinipa karatasi nijaze kwa wiki mbili: nimepanda kitandani saa ngapi, nimelala lini, nimeamka lini. Ilionekana nakaa kitandani saa tisa na kulala tano. Akanipunguzia kitanda. Nisipande kabla ya saa sita usiku, na saa kumi na moja na robo alfajiri niwe nimeamka, nimelala au sikulala. Kitanda kiwe cha kulala, si cha simu wala hesabu za madeni. Nikikaa kama dakika ishirini bila usingizi, niondoke niketi kwenye kiti katika mwanga hafifu, nirudi nikisinzia. Saa ya ukutani nikaitoa chumbani. Mchana nisilale. Usingizi ukishakuwa mzito, robo saa ikaongezwa, kisha nyingine.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzito, nilitembea kama mlevi. Ndiyo maana madereva, wenye kifafa na wenye maradhi ya akili yanayopanda na kushuka wasijaribu kupunguza kitanda bila usimamizi. Mwezi wa pili mambo yakaanza kubadilika. Leo nalala karibu saa sita siku nyingi. Usiku mbaya bado unakuja, ila hauji na wenzake.

Mwislamu ana jambo la kumsaidia hapa. Nguzo ya tiba hii ni saa moja ya kuamka isiyobadilika, na sisi tulio karibu na ikweta tunaipata bure: alfajiri yetu haisogei zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Anayeamka kwa Swala, kisha akatoka kwenye mwanga wa jua badala ya kurudi kitandani, ameirekebisha saa ya mwili. Na Mtume (SAW) alichukia mazungumzo baada ya Isha. Kwa hivyo wanaotuambia kuwa asiyelala ana imani haba, au amekaliwa na jini, waende polepole. Jinamizi linalomkalia mtu kifuani asiweze kuinuka lina maelezo ya kitabibu: akili imeamka kabla misuli haijafunguliwa. Kisomo kina nafasi yake na tiba ina yake, na dini yetu imetuamrisha kujitibu.

Pia si kila asiyelala ana maradhi haya. Anayekoroma sana na kukatika pumzi, mwenye huzuni isiyoondoka, mwenye maumivu au tezi iliyovimba, aanze kwa kupimwa hayo.

La kudai

Kikosi kazi cha afya ya akili kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kilipendekeza mwaka 2020 kuwa hali ya afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma. Kuwafundisha wauguzi na maafisa wa kliniki tiba hii ya usingizi, kwa Kiswahili, ni jambo rahisi kuliko mengi yaliyomo katika ripoti ile. Haihitaji mashine wala dawa za kigeni. Inahitaji karatasi, muda na mtu aliyefunzwa.

Kwa upande wa dhuluma, Wizara ya Leba iipitie upya amri inayompa mfanyakazi wa usiku saa nyingi kuliko wa mchana, ikawe kinyume chake. NEMA na kaunti ziweke kiwango cha kelele kinachowezekana na zikipime saa saba za usiku, River Road kama Kilimani. Na kaunti zetu za Pwani ziangalie mapema. Mtwapa imeshakuwa mji usiolala, na Nyali iko njiani. Tusingoje hadi wenye nafasi walie ndipo kelele ihamishiwe kwa wasio na sauti.

Nawe mzazi uliye Lamu, Kwale au Malindi, ukimpigia simu mwanao wa Nairobi, "hujambo" peke yake haitoshi. Muulize kama analala. Akisema halali, muulize la pili: unanyimwa, au unaukosa? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama aende kwa afisa wa leba au kwa tabibu.